Shajara ya mradi wa mwaka wa msingi: wanaouguza nyumbani wamekwenda wapi?

Oktoba, wiki ya kupangiwa wasimamizi

Tumepewa mwongozo wa mradi. Ripoti ya maneno elfu mbili, bango la kuelezea mbele ya wenzetu, na shajara ya kazi kuonyesha mtu alivyofika alikofika. Naianza kwa Kiswahili maana ndicho ninachowazia. Nakala ya msimamizi itakuja kwa Kiingereza nikishajua ninachotaka kusema.

Kwa asiyejua mpangilio huu: nasoma shahada ya afya na sayansi ya jamii hapa Uingereza, ila imetanguliwa na mwaka wa msingi kwa ajili yetu sisi ambao vyeti vyetu havikutosha kuingia mwaka wa kwanza moja kwa moja. Miaka mitatu inakuwa minne. Alama za mwaka huu haziingii kwenye daraja la shahada, lakini usipofaulu husogei. Darasani kuna vijana ambao mitihani ya sekondari iliwaendea vibaya, akina mama waliorudi shule baada ya watoto kukua, na kundi kubwa la sisi tunaofanya kazi ya kuhudumia wazee. Tunaotoka zamu ya usiku tunatambulika kirahisi kwenye mhadhara wa saa tatu asubuhi.

Mada yangu ni watu wanaouguza jamaa zao nyumbani bila malipo. Nawaona kila wikendi kazini. Mimi naingia nusu saa: naogesha, navalisha, natoa dawa, naandika kwenye daftari la mteja, naondoka. Binti wa yule bibi anabaki na saa ishirini na tatu na nusu zilizobaki. Nataka kujua ni wangapi kama yeye, na kama wanaongezeka.

Oktoba, mwishoni

Nilitaka kuwahoji. Msimamizi amekataa, na sababu zake ni nzito kuliko nilivyotarajia. Mwanafunzi wa mwaka wa msingi hapewi ruhusa ya kukusanya maelezo kwa watu walio katika hali ngumu. Kuna kamati ya maadili, kuna fomu za ridhaa, kuna mpango wa nini kitafanyika mtu akianza kulia katikati ya maswali. Halafu akaongeza jambo ambalo sikulifikiria: hawa watu nawajua kupitia kazi. Mtu ambaye wewe ndiye unayemwogesha mama yake, atakukataliaje?

Kwa hiyo nimeelekezwa kwenye takwimu za umma, yaani sensa. Nimetoka pale nikinung'unika. Nilitaka sauti za watu, nikapewa majedwali.

Novemba, wiki ya kusoma

Kila ripoti lazima isimame juu ya nadharia moja. Mhadhiri wa sosholojia ametupitisha kwenye historia ya hoja moja: kwamba maskini hufa mapema, na kwamba sababu si hospitali peke yake. Tumesoma kuhusu uchunguzi wa Whitehall ulioanza 1967 kwa watumishi wa serikali jijini London, wote wanaume, wote wana ajira ya ofisini na wote wana haki ya matibabu bure, na bado wa ngazi ya chini walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo kuliko wakubwa wao, kwa tofauti kubwa. Tumesoma ripoti ya Black ya 1980 kuhusu tofauti za afya kati ya matabaka, ambayo serikali ya wakati ule iliitoa kwa nakala 260 tu, tena siku ya mapumziko ya Agosti. Darasa lilicheka. Mimi nilijiuliza ni ripoti ngapi nyingine zimetolewa hivyo bila mtu kuhesabu nakala.

Iliyonikaa ni ya Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa huko Wales. Mwaka 1971 aliandika katika jarida la *The Lancet* kwamba huduma nzuri ya tiba huelekea kupungua pale hasa inapohitajika zaidi, na huongezeka pale wanapoihitaji kidogo. Alikuwa akizungumzia madaktari. Mimi najiuliza: huduma ikipungua mahali, mgonjwa haondoki, kuna mtu anayeziba pengo, na mara nyingi ni mtu wa nyumbani. Kama Tudor Hart alisema kweli, basi wanaouguza jamaa zao wawe wengi zaidi kwenye mitaa yenye dhiki. Hilo linapimika, na ndilo swali langu la kwanza.

Novemba, baada ya wiki ya kusoma

Namba zimenishangaza. Sensa ya Uingereza iliuliza kuhusu uuguzaji usiolipwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Kwa England na Wales walipatikana watu milioni 5.2. Mwaka 2011 wakawa milioni 5.8. Mwaka 2021 wakawa milioni 5.0.

Wamepungua! Katika miaka kumi ambayo wazee wameongezeka, na kila tunayefanya kazi hii tunaona ratiba za kutembelea zikibanwa, wauguzaji wa nyumbani wamepungua kwa karibu laki nane. Nilikagua jedwali upya, nikashuka kwenye maelezo ya chini, ni hivyo hivyo.

Dawati la takwimu la maktaba wamenieleza kitu kimoja ambacho kimefanya jambo liwe gumu zaidi. Ofisi ya Takwimu hutoa pia asilimia zilizosawazishwa kwa umri. Maana yake ni hii: watu wa miaka ya hamsini ndio wanaouguza wazazi, vijana wa ishirini si sana. Nchi ikiwa na watu wengi wa miaka hamsini mwaka fulani, hesabu ya wauguzaji itapanda hata kama tabia za watu hazikubadilika. Basi wanachukua mgawanyo mmoja wa umri na kuuvisha miaka yote miwili, ili unacholinganisha kiwe tabia na si umri wa taifa. Baada ya kusawazisha, 2011 ni asilimia 11.4 na 2021 ni asilimia 9.0. Kwa hiyo kisingizio cha umri kimeondoka. Namba ilianguka kwa sababu nyingine.

Nimemwandikia msimamizi kwamba nabadilisha swali. Sitauliza tena ni wangapi. Nitauliza kwa nini sensa inasema wamepungua. Amejibu kwa mstari mmoja: tafuta fomu zenyewe.

Desemba

Fomu za sensa zote mbili zinapatikana bure, ukurasa kwa ukurasa. Nimezichapisha na kuzilaza mezani pamoja.

Ya 2011 inauliza kama unatunza au kusaidia wanafamilia, marafiki, majirani au watu wengine, kwa sababu ya maradhi ya muda mrefu ya mwili au akili, ulemavu, au matatizo ya uzee. Ya 2021 inauliza kama unamtunza au kumsaidia mtu yeyote kwa sababu ana hali au maradhi ya muda mrefu ya mwili au akili, au matatizo ya uzee. Familia, rafiki na jirani hawatajwi tena. Ulemavu nao hautajwi.

Visanduku vya saa vimebadilika pia. 2011 kulikuwa na cha saa 1 hadi 19 kwa wiki, 20 hadi 49, na 50 na zaidi. 2021 vimekatwa vidogo: 9 au chini, 10 hadi 19, 20 hadi 34, 35 hadi 49, 50 na zaidi.

Nimejaribu kuzijibu kama watu ninaowafahamu. Kuna mama mmoja mtaani kwetu ambaye kila Jumamosi humnunulia jirani mahitaji na kumtolea pipa la taka. Mbele ya fomu ya 2011 angeliona neno jirani, akacheka kidogo, akatia alama kwenye saa 1 hadi 19. Mbele ya ile ya 2021 angepita. Yeye hajihesabu kuwa anauguza mtu, na safari hii hakuna kinachomkumbusha. Lakini binti wa yule bibi ninayemwogesha angetia alama kwenye zote mbili, hata fomu ingeandikwa vipi.

Kama hivyo ndivyo, anguko liwe kwenye saa chache, na saa nyingi zisiguswe. Saa nne usiku nimefungua majedwali ya saa za uuguzaji. Ndivyo yalivyo: waliosema chini ya saa 20 wamepungua sana, na sehemu ya waliosema saa 20 na zaidi imepanda kidogo.

Sijawahi kufurahishwa hivi na jedwali.

Desemba, kabla ya likizo

Msimamizi ameipenda hoja, kisha akaiwekea jiwe njiani. Siku ya sensa ilikuwa lini?

Tarehe 21 Machi 2021. Amri ya kubaki nyumbani kwa England ilikuwa bado haijaondolewa. Iliondolewa tarehe 29, wiki moja na siku moja baadaye. Watu walikuwa hawatembeleani. Na wazee wengi waliokuwa wakiuguzwa walikuwa wameshafariki katika mawimbi mawili ya Korona. Ofisi ya Takwimu yenyewe imeyataja yote mawili, pamoja na mabadiliko ya swali, kama sababu za kulinganisha kwa tahadhari.

Lakini Korona inavuta pande zote mbili, na hapo ndipo nilipobishana naye. Ni kweli kutembeleana kulikatika. Pia ni wakati ule ule ambapo mitaa mizima ilikuwa ikinunuliana vyakula na kupigiana simu. Kwa hesabu hiyo saa chache zingepaswa kupanda. Ameniambia niandike hivyo hivyo, nionyeshe mivutano yote miwili, nisichague kwa sababu napenda mmoja.

Januari

Muhula umeanza na mtihani wa biolojia ya mwili, mradi umelala. Nimefaulu, tuendelee.

Niandike hili kwa sababu limeingia kwenye mradi bila kubisha hodi. Dada mmoja tuliyefanya naye zamu zamani amenipigia.

"Dada, hiyo kozi yako ni ya kweli au ni kupoteza mwaka?"

Nikamwambia ni ya kweli, ila aulize mambo kadhaa kabla ya kujaza fomu. La kwanza, asidhani akimaliza atakuwa nesi au ofisa ustawi wa jamii. Hizo zina shahada zake zilizoidhinishwa na mabaraza ya taaluma. Hii yetu inakupeleka kwenye afya ya jamii, uratibu wa huduma, mashirika, halmashauri. Kuna watu wamegundua hilo mwaka wa pili na kulia. La pili, ada. Kuanzia mwaka wa masomo 2025/26, mwaka wa msingi kwa masomo ya darasani kama biashara na sayansi ya jamii umewekewa kikomo cha pauni 5,760, wakati mwaka wa kawaida wa shahada ulikuwa hadi pauni 9,535 kwa 2025/26. Aulize kozi yake imewekwa kundi gani, kwa maandishi. La tatu, mkopo: kwa walioanza tangu Agosti 2023 unarejesha asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na kinachobaki hufutwa baada ya miaka 40. Una riba, kwa anayeikwepa riba kwa imani yake, hilo alitafakari kabla ya kusaini. Tena kuna njia nyingine, diploma ya Access chuoni, ya mwaka mmoja kwa kawaida, ambayo inapokelewa na vyuo vikuu vingi, wakati mwaka wa msingi kwa kawaida unakufunga kwenye chuo kilekile.

Alisikiliza yote. Kisha akasema: "Mimi namuuguza mama mkwe, napokea ile posho."

Hapo nilisimama. Posho ya mwuguzaji inataka uuguze angalau saa 35 kwa wiki, na anayesoma saa 21 au zaidi kwa wiki haipati. Mwaka wa msingi wa siku zote unahesabiwa kuwa masomo kamili. Yaani serikali inamkopesha pauni elfu tano na ushee asomee huduma za jamii, na kwa mkono wa pili inamnyang'anya posho ya kutoa huduma yenyewe. Akaniuliza kama kuna ya kusoma siku chache kwa wiki. Ipo kwenye vyuo vichache, nimemtumia majina.

Nikarudi kwenye fomu ya 2021 na kile kisanduku cha saa 35 hadi 49. Kinaanzia palepale posho inapoanzia. Kwa fomu ya 2011 usingeweza kuwatenganisha wanaostahili posho na wasiostahili. Wa saa 20 na wa saa 45 wote walikuwa ndani ya 20 hadi 49. Kwa upande huo swali jipya ni bora kuliko la zamani, na itabidi niliseme, maana kurasa zote zilizotangulia nimelishambulia.

Februari

Kama Korona ndiyo iliyoangusha hesabu, basi hesabu ianguke kila mahali ilipopita Korona. Uingereza ina ofisi tatu za sensa, na hiyo ni bahati.

Ireland Kaskazini walihesabu siku ileile, 21 Machi 2021. Walipata kama watu 222,000 wanaouguza, kutoka kama 214,000 mwaka 2011. Hawakuanguka. Scotland waliahirisha sensa yao kwa mwaka mzima hadi Machi 2022, na huko wamepanda kutoka chini ya laki tano hadi zaidi ya laki sita.

Usiku ule niliandika sentensi ya ushindi: Korona si sababu. Asubuhi nimeifuta kwa sababu data haibebi uzito huo. Ireland Kaskazini ni ndogo, familia zinaishi karibu, kanuni za kutembeleana hazikuwa zilezile. Scotland waliulizwa mwaka mmoja baadaye, watu wametoka ndani. Kinachoweza kusemwa ni kwamba Korona peke yake haitoshi kueleza England na Wales. Msimamizi ameandika pembeni "vizuri", neno ambalo kwake ni adimu.

Machi

Nimerudi kwa Tudor Hart. Kila mtaa mdogo wa England umepangwa kwa kiwango cha dhiki, mitaa 32,844 katika kipimo cha 2019, kwa kuchanganya vitu saba: kipato, ajira, elimu, afya, uhalifu, makazi na mazingira. Kipato na ajira vimepewa uzito mkubwa, asilimia 22.5 kila kimoja. Kuna mtego hapa ambao mwenzangu wa semina ndiye aliyeuona: afya imo ndani ya kipimo. Ukisema mitaa yenye dhiki ina wagonjwa wengi, kwa kiasi fulani unasema mitaa yenye wagonjwa wengi ina wagonjwa wengi. Nimemwandika kwenye shukrani.

Hata ukiacha nafasi kwa mtego huo, picha ni wazi. Wanaouguza ni wengi zaidi kwenye mitaa yenye dhiki, na pengo linapanuka kadiri saa zinavyoongezeka. Nimechora grafu ya wale wa saa 50 na zaidi kwa ngazi za dhiki. Nguzo zinashuka kama ngazi kutoka kwa maskini hadi kwa matajiri. Wanawake wanazidi wanaume, na wanawake wa miaka 55 hadi 59 ndio wanaoongoza. Mwanamke wa umri huo ana wazazi wa miaka themanini, pengine wajukuu, na kwa sheria ya sasa bado ana miaka kadhaa ya kufanya kazi kabla ya pensheni.

Sheria ya Huduma ya 2014 inampa mtu kama huyo haki ya kutathminiwa mahitaji yake mwenyewe, si ya mgonjwa tu. Ninaowafahamu kazini, wengi hawajawahi kusikia. Hilo siwezi kuliweka kwenye ripoti, kwa sababu ni lile lile nililokatazwa Oktoba. Naliweka hapa.

Aprili

Rasimu imerudi. Ripoti ilikuwa imezidi maneno na msimamizi amekata historia yote ya Whitehall na Black. Imeniuma, ila yuko sahihi; zilikuwa pale kuonyesha kwamba nimesoma. Tudor Hart amebaki kwa sababu anafanya kazi. Pia amenitaka nieleze kusawazisha kwa umri kwa sentensi mbili ambazo mtu asiye na hesabu ataelewa. Nimeandika matoleo mengi, na lililopita ni lile nililomsomea mwanangu wa kidato cha pili akasema "ah, sawa" na kuendelea na simu yake.

Mei, siku ya mabango

Nilisimama mbele ya bango langu katikati ya mabango ya uvutaji wa mvuke na afya ya akili ya wanafunzi. Katikati nimeweka zile fomu mbili, swali juu ya swali, na chini yake mistari mitatu: England na Wales, Ireland Kaskazini, Scotland. Watu wanasogea kwenye fomu kwanza, wanasoma, kisha wanaanza kujihesabu wenyewe. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alisema 2011 angejibu ndiyo na 2021 hapana, kwa mama yuleyule.

Mhadhiri aliyekuwa nesi zamani akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: halmashauri inayopanga bajeti ya kusaidia wauguzaji itumie namba ipi? Nikamjibu kwamba kwa kupanga huduma nzito, saa 35 na kuendelea, atumie ya 2021, kwa sababu kundi hilo halikuyumbishwa na maneno ya swali na visanduku vyake ni bora. Kwa kusema kama mtaa una watu wanaosaidiana, asitumie yoyote kati ya hizo mbili kulinganisha na nyingine. Akaandika kitu kwenye karatasi yake ya alama na kusogea bango la pili.

Ripoti imeingia kwenye mfumo. Matokeo ni Juni. Yule dada amepata nafasi ya kusoma siku mbili kwa wiki kuanzia Septemba, na ameshaulizia mapema saa zake zitahesabiwaje. Mimi nimejiandikisha somo la takwimu la mwaka wa kwanza, ambalo nilikuwa nimeapa sitaligusa.